Mendelssohn kwa Wapigaji Wanne: Jinsi ya Kuchagua Rekodi za Kwarteti Zake

Kama umewahi kuwa kwenye harusi ambapo maharusi walitoka kanisani kinanda kikinguruma, ule muziki wa shangwe unaofungua kwa mlio wa tarumbeta, basi umeshamsikia Felix Mendelssohn. Aliutunga kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare, A Midsummer Night's Dream, na umezunguka dunia nzima bila watu wengi kujua ni wa nani. Mjerumani huyu, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1809 na kufariki Leipzig mwaka 1847, aliandika pia muziki wa ndani zaidi, wa wapigaji wanne tu. Makala haya ni yako wewe unayetaka kuusikiliza wote, umefungua simu ukakuta makumi ya albamu zenye kichwa kilekile, na hujui ushike ipi.

Tuanze na kwarteti ni nini. Ni kundi la watu wanne wenye vyombo vya nyuzi vinavyopigwa kwa upinde: fidla mbili, viola moja na selo moja. Viola hushikwa begani vilevile, ila ni kubwa kidogo na sauti yake ni nzito zaidi. Selo hukaa katikati ya magoti ya mpigaji na ndiyo inayobeba sauti ya chini. Msikilizaji wa taarab ya Unguja hahitaji maelezo marefu hapa, maana fidla na selo amezisikia kwa vikundi vya Nadi Ikhwan Safaa na Culture Musical Club. Katika kwarteti hakuna mwimbaji, hakuna ngoma, na hakuna kiongozi anayesimama mbele. Wanne hao hutazamana na kusikilizana, basi. Utungo ulioandikwa kwa ajili yao nao huitwa kwarteti, na kwa kawaida huwa na sehemu nne zinazotenganishwa na kimya kifupi. Ndiyo maana kwenye simu utungo mmoja huonekana kama nyimbo nne.

Mendelssohn ana kwarteti ngapi? Zenye namba ni sita. Kila moja ina pia namba ya chapisho, inayoandikwa "op.", na hiyo ndiyo utakayoitumia kutafutia. Ya kwanza ni op. 12 ya mwaka 1829. Ya pili ni op. 13 ya mwaka 1827. Ya tatu, ya nne na ya tano zilichapishwa pamoja kama op. 44, namba 1 hadi 3, naye alizitunga mwaka 1837 na 1838. Ya sita ni op. 80 ya mwaka 1847. Umeona kwamba ya pili iliandikwa kabla ya ya kwanza. Namba hufuata uchapishaji, hazifuati utunzi. Hata ndani ya op. 44, ile iliyowekwa mwanzo ndiyo iliyokamilika mwisho. Kwa hiyo ukitaka kumfuata mtunzi anavyokua, anza na op. 13, aliyoiandika akiwa na miaka 18, mtunzi mkubwa Beethoven akiwa amefariki miezi michache tu kabla.

Nje ya hizo sita kuna kazi nyingine mbili. Moja ni kwarteti ya E-flati (jina la sauti ambayo utungo umeegemea) ya mwaka 1823, aliyoitunga akiwa na miaka 14, isiyochapishwa hadi 1879. Nyingine ni op. 81, ambayo si kwarteti moja bali ni vipande vinne vya nyakati tofauti: fuga ya 1827, yaani utungo ambao sauti moja huanza na nyingine kuifuata kwa wimbo uleule, kaprisio ya 1843, yaani kipande chenye umbo huru, na vipande viwili vya 1847. Vilikusanywa na kuchapishwa baada ya kifo chake.

Hapo ndipo unapoingia mtego wa neno "kamili" kwenye jalada. Hakuna kanuni inayolazimisha kampuni ziandike nini. Seti moja itaitwa kamili kwa kuwa na zile sita tu, nyingine itaongeza op. 81, nyingine itaongeza na ile ya utotoni. Kabla ya kulipa, fungua orodha ya vipande na uhesabu. Zikiwa sita peke yake, ni karibu saa tatu za muziki. Ukiongeza E-flati ya 1823 na op. 81, tegemea saa tatu na dakika arobaini hivi. Mimi singeiacha seti kwa sababu haina kwarteti ya 1823, ambayo ni kazi ya mwanafunzi hodari anayefuata nyayo za watunzi waliomtangulia, Haydn na Mozart. Op. 81 ningeisikitikia zaidi, kwa sababu vile vipande viwili vya 1847 ni vya wakati mmoja na op. 80.

Swali linalofuata huulizwa na kila anayeanza: kama maandishi ya mtunzi ni yaleyale, kwa nini rekodi zitofautiane? Karatasi inasema sauti ipi ipigwe na kwa mpangilio gani, lakini haisemi kila kitu. Neno la Kiitalia linalomaanisha "haraka" halisemi haraka kiasi gani. Alama ya kutia nguvu haisemi nguvu kiasi gani. Wapo wanaotetemesha kidole juu ya uzi kila wakati ili sauti iwe nene, na wapo wanaofanya hivyo mara chache. Wengi hutumia nyuzi za kisasa; wachache hurudia nyuzi za utumbo wa mnyama zilizotumika enzi za Mendelssohn, ambazo sauti yake ni laini na ina mkwaruzo kidogo. Baadhi hurudia mafungu yenye alama ya kurudia, wengine huyaruka, na ndiyo maana muda unaoonyeshwa kwenye albamu mbili za kwarteti moja unaweza kupishana kwa dakika kadhaa. Mwisho kuna chumba. Rekodi ya kanisani huja na mwangwi. Ya studio iliyofungwa hukuletea wapigaji karibu na sikio.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Usinunue seti nzima kwa sababu ya jina kubwa la kundi. Chukua sehemu tatu fupi, zisikilize kwa makundi matatu au manne, moja baada ya nyingine, siku hiyohiyo.

Jaribio la kwanza ni sehemu ya pili ya op. 12, iitwayo Canzonetta, yaani wimbo mdogo. Ni dakika nne hivi. Inaanza kwa hatua ndogondogo za kunyata, kisha katikati fidla mbili zinakimbia kwa kasi huku vyombo vya chini vikishikilia sauti moja. Sikiliza kama kila noti ya mbio hizo inasikika ikiwa safi na nyepesi. Kundi likiwa zito hapa, litakuchosha katika seti nzima, kwa sababu Mendelssohn anarudia wepesi wa aina hii mara nyingi. Mfano mwingine ni skerzo ya op. 44 namba 2. Skerzo ni sehemu ya kasi na mchezo, na hiyo ni ngumu kwelikweli kwa mpigaji.

Jaribio la pili ni mwanzo wa op. 44 namba 1. Fidla ya kwanza inapaa na wimbo mpana, huku wengine wakitetemesha upinde chini yake. Hapa pima uwiano. Je, unaisikia fidla peke yake, au viola na selo nazo zinasikika zikisukuma? Rekodi nzuri hukuruhusu kuchagua sauti moja kati ya nne na kuifuata hadi mwisho. Jaribu kuifuata viola. Ukiipoteza kila mara, kasoro inaweza kuwa ya wapigaji au ya waliopanga maikrofoni. Kwako wewe mnunuzi matokeo ni yaleyale.

Jaribio la tatu ndilo ninaloliamini kuliko yote, nalo ni op. 80. Tarehe 14 Mei 1847 dada yake Fanny, ambaye naye alikuwa mtunzi na mpiga piano, alifariki ghafla mjini Berlin. Walikuwa wamekua pamoja na kufundishwa muziki pamoja, na Felix alikuwa akimpelekea kazi zake azipitie. Habari za kifo hicho zilimwangusha. Kiangazi hicho alikwenda Uswisi, na huko Interlaken, kufikia Septemba, akawa ameandika kwarteti hii katika F maina. Maina ni mpangilio wa sauti ambao masikio mengi huusikia kuwa na huzuni. Kinyume chake huitwa meja. Tarehe 4 Novemba mwaka huohuo naye akafariki, akiwa na miaka 38.

Watu wamezoea kumsifu Mendelssohn kwa uungwana na ulaini, na wapigaji wengine huzichukua kwarteti zote sita kwa uungwana huo. Op. 80 haikubali. Inafungua kwa mtetemo wa chini unaopanda kwa hasira, sehemu ya pili ina mdundo unaojikwaa makusudi, ya tatu ni maombolezo ya taratibu, na ya mwisho haipati faraja. Sikiliza dakika mbili za kwanza kisha ruka hadi sehemu ya tatu. Je, wapigaji wanathubutu kuwa wakali, hata sauti ikawa mbaya kidogo pale inapobidi? Je, katika maombolezo wanaacha nafasi, au wanapendezesha tu? Kwa maoni yangu, kundi linaloiweza op. 80 na bado likaiweza Canzonetta ya op. 12 ndilo linalostahili kununuliwa seti nzima. Ukiona linaiweza moja tu, chukua albamu yake ya kazi hiyo moja na seti utafute kwingine.

Haya hapa makundi ambayo ningekushauri uanze nayo.

Emerson String Quartet wa Marekani walirekodi kila kitu kwa kampuni ya Deutsche Grammophon: sita zenye namba, ile ya 1823, na op. 81. Juu ya hizo waliongeza Okteti, op. 20, utungo wa watu wanane ambao Mendelssohn aliuandika mwaka 1825 akiwa na miaka 16. Wanne hao walipiga sehemu zote nane wenyewe, kwa kurekodi nusu moja kisha kurekodi nyingine juu yake. Seti hiyo ya CD nne ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2006. Ni wapigaji sahihi mno, wa kasi, na sauti iko karibu. Op. 80 yao inatisha inavyopaswa. Kwenye op. 12 mimi huwaona wamekaza kupita kiasi, lakini kama unataka kulipa mara moja na usikose chochote, hii ndiyo seti yako.

Pacifica Quartet, nao wa Marekani, walirekodi kwa Cedille Records ya Chicago, CD tatu. Wana joto zaidi, na nyimbo za taratibu wanaziimbisha. Mtu akiniambia anataka seti moja tu ya kuishi nayo, hii ndiyo ninayomtajia, kwa sababu wanahama kutoka wepesi kwenda uchungu bila kubadilika kuwa watu wengine.

Melos Quartet wa Stuttgart ni wa kizazi kilichotangulia. Rekodi zao, pia za Deutsche Grammophon, zilianza katika miaka ya 1970. Zina nguvu na unyoofu, na kwa kuwa ni za zamani mara nyingi hupatikana kwa bei nafuu. Talich Quartet wa Jamhuri ya Czech wana sauti tulivu, ya kahawia, na wanaipenda viola. Coull Quartet wa Uingereza, kwa kampuni ya Hyperion, ni wa heshima na usafi, ingawa op. 80 yao kwangu ni ya kistaarabu mno. Escher String Quartet walirekodi kwa BIS ya Sweden katika diski tatu zinazouzwa mojamoja, jambo linalokufaa kama fedha huja kidogokidogo. Ukitaka kusikia nyuzi za utumbo, tafuta Eroica Quartet. Wiki ya kwanza sauti yao inaweza kukushangaza, hivyo usiwafanye kuwa rekodi yako ya kwanza.

Wapi pa kusikiliza, na kwa gharama gani? Anza bure. Kampuni nyingi za rekodi hupandisha albamu zao YouTube kihalali, na unachovumilia ni matangazo. Andika "Mendelssohn op. 80" pamoja na jina la kundi, kwani ukiandika jina la mtunzi peke yake utaletewa muziki wa harusi tu. Hakikisha pia jina la wapigaji linaonekana. Albamu za mchanganyiko zinazoahidi muziki wa kulalia au wa kusomea mara nyingi hutoa sehemu moja na kuziacha tatu.

Programu za kulipia kwa mwezi, Spotify na Apple Music, zinapatikana Tanzania, Kenya na Uganda, na bei hutajwa ndani ya programu kabla hujathibitisha. Anayelipia Apple Music anapata bila nyongeza programu ya pili, Apple Music Classical, iliyotengenezwa kwa muziki wa aina hii; ndani yake ukitafuta op. 80 unaletewa rekodi zake nyingi mahali pamoja. Kwa jaribio la zile sehemu tatu, hiyo inakuokolea muda mwingi. Ukishatambua kundi lako, unaweza kuacha kulipia.

Hesabu pia bando. Sauti ya kilobiti 160 kwa sekunde hula MB 72 kwa saa, hivyo kazi zote za saa tatu na dakika arobaini zitakula takriban MB 265. Ukipandisha hadi kilobiti 320, ni mara mbili yake, karibu MB 530. Ukishusha hadi 96, ni kama MB 160, lakini kwa muziki wa vyombo vinne tu masikio yatagundua ukungu kwenye sauti za juu. Video hula zaidi ya hapo. Dawa ni kupakua albamu ukiwa kwenye WiFi, kisha kusikiliza bila mtandao. Spotify na Apple Music huruhusu hivyo kwa mwenye kulipia.

Kama unataka kumiliki, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua faili. Duka la Presto Music la Uingereza huuza albamu za kampuni nyingi kwa kupakua, nzima au kipande kimoja kimoja, na hakuna kusubiri posta. Ya pili ni CD. Seti ya diski tatu au nne ikiwa mpya tegemea dola za Marekani 20 hadi 45. Iliyotumika huwa chini ya hapo. Ongeza usafirishaji. Ukiagiza kutoka nje, jiandae pia kwa ushuru na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, na 16 Kenya. Uliza posta au mamlaka ya mapato ya nchi yako (TRA, URA au KRA) kabla ya kuagiza, maana diski ya dola 15 inaweza kukufikia kwa gharama iliyozidi thamani yake. Mwenye ndugu anayerudi kutoka Ulaya hufanya vizuri kumtumia yeye. CD nne hazina uzito wa kumwelemea.

Kwa vifaa, usikimbilie vya bei kubwa. Spika ya simu peke yake haifai, kwa sababu selo hupotea kabisa na unabaki na fidla zinazopiga kelele. Hedifoni za waya za kawaida zinatosha kuanzia. Ukitaka kufuata maandishi ya muziki, tovuti ya IMSLP ina noti za kwarteti hizi zote bure na kihalali, kwani hakimiliki ya mtunzi iliisha zamani. Hata kama husomi noti utaona kwa macho sauti nne zikipanda na kushuka, na sikio hufuata.

Na kama fedha inatosha diski moja tu? Basi weka seti kando kwa sasa, utafute albamu ya Quatuor Ebène wa Ufaransa iliyotoka mwaka 2013, yenye majina ya Felix na Fanny. Ina op. 13, ina op. 80 ambayo sijasikia iliyo kali zaidi, na ina kwarteti ya Fanny mwenyewe ya E-flati, aliyoitunga mwaka 1834. Felix aliikosoa kwa barua, kwamba umbo lake halifuati kanuni, nayo haikuchapishwa hadi 1988. Isikilize kabla ya op. 80, ili umjue aliyekuwa akililiwa. Ukiitafuta mtandaoni, andika "Ebène Fanny Mendelssohn", na kwenye duka angalia jina la kampuni, Virgin Classics au Erato. Zote mbili ni albamu ileile.